Sura ya Nne: Siku ya Tatu, Omba Jembe

"Nikikaa Hispania miezi mitatu, nitarudi naongea?"

Swali hili niliulizwa na kijana anayeongoza watalii Arusha, ambaye kila msimu huona kundi la Wahispania akipewa mwenzake kwa sababu tu mwenzake anakijua Kihispania. Niliulizwa tena na mama aliyekuwa tayari kuuza kiwanja ili bintiye aende kusoma. Wote wawili niliwarudishia swali: je, umewahi kumtazama vizuri mgeni anayejifunza Kiswahili?

Sote tunawajua. Yupo aliyekuja Unguja kusoma Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, akapata chumba kwa familia moja ya Ng'ambo, na baada ya miezi minne anabishania bei ya changu sokoni Darajani mpaka muuzaji anacheka. Na yupo aliyeishi Masaki miaka kumi, mwenye dereva, mpishi na bustani, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye "asante sana" na "pole pole". Wote wawili walikuja kwa ndege, na jua lililowachoma ni lile lile. Ila mmoja alikunywa chai ya asubuhi na watu wasiojua Kiingereza, na mwingine hakuwahi.

Ukienda Granada au Guatemala, mgeni ni wewe. Uwe yupi kati ya hao wawili, hilo unaliamua hapa hapa nyumbani, kabla hujafunga begi.

Kuzama si kuzamia

Walimu wa lugha huita jambo hili kuzama katika lugha. Maana yake ni kuishi mahali ambapo haja zako za kila siku, kama chai, nauli, sabuni na kuomba radhi, hazipati njia nyingine ila kupitia lugha unayojifunza. (Usichanganye na kuzamia kwa vijana wa bandarini, wanaojificha ndani ya meli wakitafuta Ulaya. Ingawa nimeona wanafunzi wa lugha wanaofanana nao: wamefika, lakini wamejificha.)

Muda gani unatosha? Taasisi ya serikali ya Marekani inayofunza wanadiplomasia wake lugha hukadiria takriban wiki 30 za darasa la kutwa kwa Mmarekani kufikia Kihispania cha kufanyia kazi. Hao ni watu wanaolipwa mshahara ili wasome. Kwa hiyo miezi mitatu kwa mtu anayeanzia sifuri haimfikishi alikotaka. Lakini miezi mitatu hiyo hiyo kwa mtu aliyekwisha kuanza inaweza kumbadilisha kabisa.

Ngazi za lugha Ulaya hupimwa kwa herufi na namba: A1 na A2 ni mwanzo, B1 na B2 ni katikati, C1 na C2 ni umahiri. Mtu wa A2 anaweza kujieleza yeye ni nani, kununua vitu, kuuliza njia, na kusimulia jana alifanya nini, japo kwa kukwama. Ushauri wangu, na hapa huwa nabishana na mawakala wanaouza safari hizi, ni huu: usiondoke kabla ya kufika A2. Mtu anayefika bila kitu hutumia mwezi wa kwanza kujifunza kijiko, meza na dirisha kwa euro, wakati maneno hayo angeweza kujifunzia Morogoro kwa bei ya bando la intaneti.

Nusu ya mzigo tayari unayo mdomoni

Watu wengi wa kwetu hujifunza Kihispania kwa kupitia Kiingereza, kwa kuwa vitabu na programu nyingi za simu ziko hivyo. Hapo ndipo tunapojiumiza. Mwingereza ana kazi ya kusahau irabu zake ili azipate za Kihispania. Wewe huna kazi hiyo. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu sawa na zetu. Hata mkazo wa neno tunakutana: neno la Kihispania linaloishia kwa irabu, n au s hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Yanayoishia kwa konsonanti nyingine hukazwa mwishoni, na neno likivunja kanuni huwekewa alama juu ya irabu inayokazwa. Kanuni hiyo inakutosha kusoma gazeti la Kihispania kwa sauti kesho asubuhi, hata kama huelewi neno.

Kwa konsonanti, aliyekulia pwani ana urithi mkubwa:

- Ñ ni ny yetu. Mañana husomwa "manyana".
- J ni kh ya Kiarabu, ile ya wanaosema "kheri" badala ya "heri". Jueves, yaani Alhamisi, ni "khwebes". Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi hulainika ikawa h tu.
- Z, na pia c ikifuatwa na e au i, sehemu kubwa ya Hispania ni th ya "thelathini". Amerika yote ya Kihispania ni s.
- D katikati ya irabu inakaribia dh ya "dhahabu". Nada, yaani hakuna kitu, ni "nadha".
- G katikati ya irabu inakaribia gh ya "ghali". Amigo, rafiki, ni "amigho".
- V husomwa b, na h haisomwi kabisa. Hola, salamu ya kila mahali, ni "ola".

Sasa penye shida. Kwanza ni r. Pero ni lakini, perro ni mbwa, na pelo ni nywele. Kama kwenu nyumbani r na l hubadilishana viti, anza kazi leo, maana hapo utasema umenyoa mbwa. R moja ni ile yetu ya kugusa tu. Mbili huviringishwa, ulimi ukitetemeka kama injini ya bodaboda asubuhi ya baridi. Pili ni tabia yetu ya kufunga kila neno kwa irabu. Sisi ni watu wa hoteli, benki na sabuni. Konsonanti ikibaki mwishoni tunaionea huruma tunaipa irabu. Kihispania hakitaki huruma hiyo. Comer ni kula, lakini ukiongeza e ukakaza mwishoni, comeré, umesema "nitakula". Chukua maneno kumi yanayoishia n, s, r, l na d, uyatamke kila siku unapopiga mswaki, ukiufunga mdomo mapema.

Sarufi uliyokwisha kuila

Hapa nitapita haraka, kwa sababu sura ya sita inashughulika na sarufi peke yake, lakini kuna mambo ambayo mwalimu wako wa Kihispania hatakuambia kwa kuwa hajui Kiswahili.

Kitenzi cha Kihispania hubeba mtendaji ndani yake. Hablo ni "nasema", hablas ni "unasema", hablamos ni "tunasema". Kwetu kinachobadilika kipo mbele ya kitenzi, kwao kipo nyuma. Hiyo ndiyo tofauti. Kutaja "yo" kila mara ni sawa na mgeni anayesema "mimi nataka, mimi naenda, mimi nalala". Inaeleweka, lakini inachosha sikio. Mtendwa naye hutangulia: te veo ni "nakuona", te ikikaa mahali pa ku yetu. Sifa hufuata nomino na kukubaliana nayo: libros nuevos, vitabu vipya. Mzungumzaji wa Kiingereza hulia machozi kwa sababu nomino zina jinsi mbili, ya kiume na ya kike. Wewe uliyekua na ki-vi, m-mi, u-zi na nyingine zote, ngeli mbili ni mchezo.

Na kuna ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa" ambavyo hutisha wanafunzi wa dunia nzima. Soy de Tanga: mimi ni wa Tanga. Estoy en Tanga: niko Tanga. "Ni" na "niko". Hazilingani kila mahali, maana estar hutumika pia kwa hali inayopita kama uchovu na hasira, lakini ukianza na "ni" na "niko" umeruka nusu ya ukuta.

Kuhusu msamiati, historia imekufanyia kazi mara mbili. Waarabu waliingia Hispania mwaka 711, na dola yao ya mwisho, Granada, ilianguka mwaka 1492. Waliacha maneno ambayo sisi pia tuliyapata kwa njia ya bahari. Azúcar ni sukari, azafrán ni zafarani, aceituna ni tunda la mzeituni. Alcalde, meya wa mji, ni kadhi aliyebadilishiwa kazi. Hasta, yaani mpaka, ni ndugu wa "hata" yetu, na ojalá, wanayosema wakitamani jambo litokee, ina jina la Mwenyezi Mungu ndani yake kama inshallah. Kisha Wareno, majirani wa Wahispania, walipokaa Mombasa na Kilwa walituachia maneno ya kwao: meza ni mesa, bendera ni bandera, padri ni padre, mvinyo ni vino. Carta ni barua, na pia karata unazocheza.

Tahadhari na maneno yanayofanana yasiyohusiana. Moto ni pikipiki. Papa, kule Amerika, ni kiazi. Sí ni ndiyo, wakati "si" yetu inakana, na utakapochoka utajikuta unakubali ulichotaka kukataa. Baba ni udenda. Na ukimtambulisha ndugu yako mbele ya Wahispania, usiseme "kaka" kwa sauti kubwa. Kwao caca ni kitu ambacho mtoto mdogo hukiacha kwenye nepi.

Kwa kifupi: fika A2 kabla ya kuondoka, jifunze kutoka Kiswahili badala ya Kiingereza pale unapoweza, na jasho lako liweke kwenye rr na kwenye maneno yanayoishia konsonanti. Mengine unayo.

Uende wapi?

Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20 huru, na ni lugha ya mama ya watu karibu milioni 500. Ukisema "naenda nchi ya Kihispania" hujasema kitu bado. Nchi hizo nyingi nitaziacha. Nitachukua miji michache ambayo inaonyesha maswali ya kujiuliza.

Barcelona huwavutia wengi kwa sababu ya mpira. Ni mji mzuri, lakini mtaani, shuleni na ofisini utakutana na Kikatalani, ambacho ni lugha nyingine, si lahaja ya Kihispania. Ni kama mtu aje kujifunza Kiswahili sanifu Nairobi akaanguke katikati ya vijana wa Sheng. Atajifunza, ndiyo, lakini atachelewa kujua ni kipi alichojifunza.

Salamanca ni upande wa pili kabisa. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1218, ndicho kikongwe kuliko vyote vya Hispania vinavyofanya kazi hadi leo. Antonio de Nebrija, aliyetoa kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kihispania mwaka 1492, alisoma na kufundisha hapo. Matamshi ya huko ni ya wazi, kila s unaisikia. Tatizo ni kwamba umaarufu huo huo umejaza mji wanafunzi wa kigeni kama wewe, na jioni mkikutana mezani lugha ya wote inakuwa Kiingereza. Tena mji uko mita 800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Januari maji huganda.

Granada, kusini, ndiko nilikopenda mimi. Chuo kikuu kipo tangu 1531, mji una wanafunzi wengi wa Kihispania wenyewe, na gharama ya chumba ni nafuu kuliko Madrid. Ngome ya Alhambra inakutazama kutoka kilimani. Mtaa wa Albaicín una msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, jambo linalomhusu sana Mwislamu anayepanga miezi sita ya ugenini. Lakini watu wa Andalusia humeza miisho ya maneno. Ile s uliyoihangaikia nyumbani wao wameila. Wiki mbili za kwanza utadhani uliletewa lugha nyingine. Mimi naona ni faida: anayemwelewa dereva wa basi wa Granada hatasumbuliwa na mtangazaji wa habari wa Madrid.

Guatemala ni kisa kingine. Katika Antigua Guatemala na Quetzaltenango, mji ambao wenyeji huuita Xela, desturi ni mwanafunzi mmoja kwa mwalimu mmoja, saa nne au tano kila siku, na kulala kwa familia inayokupikia. Hakuna kujificha nyuma ya darasa. Kwa mtu mwenye haya, hii ni dawa chungu inayoponya upesi. Ugumu uko njiani: safari nyingi hupitia Ulaya au Marekani, na Marekani humtaka Mtanzania au Mkenya awe na viza hata kama anabadilisha ndege tu. Kagua njia ya tiketi kabla ya kufurahia bei. Beba pia kadi ya njano, maana nchi kadhaa za ukanda huo huidai chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri atokaye nchi zenye ugonjwa huo, Kenya ikiwemo.

Na watu husahau kwamba Kihispania kipo Afrika. Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968, inakitumia kama lugha rasmi, na mjini Malabo hutaeleza kila siku kwa nini una ngozi uliyonayo. Shule za wageni hazijajaa huko kama Hispania, kwa hiyo ni mahali pa mtu mwenye mwenyeji tayari: kazi, ndugu au parokia.

Karatasi, na namna ya kutodhulumiwa

Kwa Hispania, kozi isiyozidi siku 90 huenda na viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ile inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja. Zaidi ya hapo unaomba viza ya masomo, na ukizidi miezi sita unatakiwa kuomba kitambulisho cha mgeni ndani ya mwezi mmoja tangu kufika. Ubalozi wa Hispania upo Nairobi na upo Dar es Salaam. Watataka kuona barua ya shule, bima ya afya, mahali pa kulala na fedha za kujikimu. Kiwango cha fedha hupimwa kwa kipimo cha serikali yao kiitwacho IPREM, ambacho mwaka 2024 kilikuwa euro 600 kwa mwezi. Kwa kukaa muda mrefu huongezwa cheti cha daktari na cha polisi cha kutokuwa na hatia. Vyeti vya kwetu huhitaji tafsiri ya Kihispania inayokubalika kisheria, na foleni hiyo ndiyo hula miezi. Anza nayo.

Kabla ya kulipa shule senti moja, waandikie barua pepe uwaulize:

1. Mna ithibati ya Instituto Cervantes? (Hii ni taasisi ya umma ya Hispania ya kueneza lugha, iliyoanzishwa mwaka 1991, na ndiyo inayosimamia mtihani wa Kihispania uitwao DELE.)
2. Nikinyimwa viza, narudishiwa kiasi gani, na ndani ya siku ngapi?
3. Darasa huwa na watu wangapi, na wanatoka nchi gani?
4. Familia mtakayonipa ina wageni wengine wakati huo huo?

Swali la nne ndilo wengi hawaulizi. Zipo nyumba zinazopokea wanafunzi wanne kwa mpigo, kila mmoja na ufunguo wake, na chakula kikiachwa chini ya kifuniko. Hiyo ni gesti yenye jina la familia. Omba nyumba yenye watu wa rika mbalimbali na usiwe na mwenzako wa kigeni chumba cha jirani. Kama ipo yenye bibi, chukua yenye bibi. Bibi hana haraka, na anarudia.

Saa, sahani na heshima

Nilipofika Granada nilipangiwa miadi katika ofisi moja, mañana a las nueve. Nueve ni tisa. Nikalala vizuri, nikaamka taratibu, nikaoga, na saa tisa alasiri nikawa mlangoni na faili langu kwapani. Ofisi ilikuwa imefungwa tangu saa nane. Las nueve ni saa tatu asubuhi yetu. Kosa halikuwa la Kihispania hata kidogo. Kichwa changu kilikuwa kinatafsiri namba lakini hakitafsiri jua. Tangu siku hiyo niliifanya simu isome Kihispania na ionyeshe saa za kizungu, na kila nikisikia muda naujibu kwa kusema kama ni asubuhi au jioni. Jizoeze hili ukiwa nyumbani bado. Na kumbuka kwamba mañana ina maana mbili, kesho na asubuhi, kwa hiyo kesho asubuhi ni mañana por la mañana.

Chakula nacho kina saa zake. Asubuhi ni kahawa na kipande cha mkate, usitegemee mihogo wala maandazi sita. Mlo mkubwa ni kati ya saa nane na saa tisa na nusu mchana, na cha usiku huja saa tatu au saa nne. Tumbo la kwetu litanung'unika wiki nzima. Asiyekula nguruwe aseme mapema, kwa maandishi, na asiseme tu "sili nyama ya nguruwe" akadhani yameisha. Wapo wapishi ambao kwao jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, halihesabiki kuwa nyama. Ni kama kiungo. Hujitokeza kwenye dengu, kwenye supu, kwenye maharage. Taja kila kimoja, "ni" ya Kihispania ikiwa "wala" yetu: ni cerdo (nguruwe), ni jamón, ni chorizo (soseji ya nguruwe), ni manteca. Manteca kwa Hispania ni mafuta ya nguruwe, na hukaa ndani ya biskuti usizozishuku.

Kuhusu heshima, jiandae kushtuka. Kuna tú, wewe wa kawaida, na usted, wewe wa heshima. Hispania ya leo inakimbilia tú. Mwalimu mwenye mvi atakuambia umwite kwa jina lake na umwambie tú, na ulimi uliozoea shikamoo utakuwa mzito. Mtii, maana kung'ang'ania usted baada ya kuambiwa uache huonekana kama kujitenga. Guatemala na Kolombia mambo ni tofauti, huko usted haikuaibishi popote. Majina ya utani nayo: gordo kwa mnene, flaco kwa mwembamba, na wapo watakaokuita negro, neno ambalo kwao kwanza ni jina la rangi. Mtaa wetu wenye Bonge na Kipara unaijua lugha hiyo. Hiyo haimaanishi kila anayelitamka ana nia njema. Sikiliza sauti, kama unavyosikiliza kwenu.

Adui aliye mfukoni

Sikiogopi Kiingereza kama ninavyoiogopa simu. Nimemwona mwanafunzi aliyekaa Granada miezi mitano huku akiishi Temeke: anaamka na makundi ya WhatsApp ya familia, anakula akitazama vichekesho vya nyumbani, analala akisikiliza mechi ya Simba na Yanga kwa mtangazaji wa Dar. Sina ugomvi na Simba na Yanga. Lakini mwili tu ndio uliovuka bahari.

Zungumza na watu wa nyumbani kabla hujaondoka. Waambie utapiga Jumapili na Jumatano, saa fulani, na siku nyingine wasiogope ukimya. Mama atalalamika wiki ya kwanza. Kisha fanya biashara na wenyeji kwa uangalifu: vijana wa Hispania hupenda kubadilishana lugha, wao huita intercambio, na wakikusikia unajua Kiingereza watataka ukae kwenye Kiingereza saa nzima. Weka saa mezani. Nusu yao, nusu yako.

Kwa kifupi: chagua nyumba kabla ya kuchagua shule, tafsiri jua pamoja na namba, na ipangie simu siku zake.

Jembe la Granada

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huwa tunaisema kwa kumcheka mgeni asiyeondoka. Kwa mwanafunzi wa lugha hiyo methali ni mwongozo, na tena asingoje kupewa. Anayekaa kama mgeni huambiwa maneno ya mgeni: kula, karibu, umelala vizuri? Maneno hayo yatakuishia siku ya tatu. Anayefanya kazi huambiwa leta kile, si hicho, kile cha juu, angalia kina moto, nani kakufundisha kukata kitunguu hivyo? Hapo ndipo lugha ilipo.

Ukiwa bado nyumbani, jiulize jembe lako ni lipi. Una sauti? Kwaya za parokia hazikuulizi kiwango cha lugha, na wimbo unaokariri kwa wiki tatu unakukaza r kuliko kitabu chochote. Unacheza mpira? Hispania wana pachanga, ndondo yao ya jioni bila refa, na utajifunza mapema sana kusema pasi, nyuma yako, na mengine ambayo siwezi kuandika hapa. Unasuka, unapika, unatengeneza baiskeli? Kariri maneno ya kazi hiyo kwanza, kabla ya majina ya wanyama wa porini ambayo vitabu hupenda kuanzia nayo.

Kama huna chochote, kuna taka. Nyumba niliyokaa ilikuwa ghorofa ya tatu, na usiku baada ya kula lazima mtu ashushe mfuko wa taka kwenye mapipa makubwa ya barabarani. Watoto wawili wa nyumba ile waligombana kila siku juu ya nani ateremke. Siku ya tatu mama mwenye nyumba alipouliza, nikasema sentensi niliyoiandaa mchana kutwa: La bajo yo. Nazishusha mimi. Ilikuwa na mtendwa mbele ya kitenzi na "mimi" ya kusisitiza mwishoni, kama tu ningesema Tanga. Akanitazama, akanipa mfuko.

Kwenye mapipa nilimkuta mzee wa ghorofa ya kwanza na mfuko wake. Akauliza mimi ni wa wapi. Nikamwambia. Akauliza huko kuna baridi. Nikasema hakuna, akasema basi nimekosea kuja, kisha akaanza kunieleza goti lake linavyouma tangu Novemba, dakika ishirini nzima, bila kupunguza mwendo hata kidogo. Nilielewa goti, Novemba na daktari. Kesho yake nilishuka na mfuko kabla ya kuulizwa, nikiwa nimekwisha kutafuta kwenye kamusi namna ya kumuuliza goti limeamkaje.